Bunduki ya kuwindia inayowinda karatasi: ninunue triga mpya au risasi?

MtuWaMakupa (mleta uzi)

Wakuu, asalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote.

Mimi ni mtu wa Mombasa, mwaka wa tatu huu nalenga shabaha. Bunduki yangu ni ya bolti (kila risasi unaikoki kwa mkono), saizi ya risasi ni .30-06, ya Kicheki, niliyoachiwa na ami yangu, na makaratasi yake yote sasa yako kwa jina langu (najua kuna watakaouliza, basi nshajibu). Ni bunduki ya kuwindia haswa, kitako cha mbao, darubini juu. Lakini mwajua kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku Mei 1977, mimi hata sijazaliwa. Kwa hivyo hii yangu inawinda karatasi. Jumamosi nikipata nafasi naipeleka uwanja wa shabaha, tunapiga mita 100, tunarudi nyumbani kula pilau.

Shida yangu ni mbili na zimeshikana kama pacha.

Ya kwanza ni triga. Ukianza kuvuta inakuja kidogo, inakwama. Unaongeza nguvu, inakwaruza kama mtu anaburura kiti sakafuni, inakwama tena, halafu inaachia wakati akili yako ishahama. Kuna siku nauona kabisa ule msalaba wa darubini unatoka kwenye karatasi na kidole bado kinavuta.

Ya pili ni risasi. Sanduku la .30-06 lina risasi 20. Pesa ninayotoa kwa sanduku hilo, mwenzangu mwenye .22, ile ya risasi ndogo, anabeba masanduku matano ya hamsini hamsini, yaani risasi 250. Nikishatoa kodi, karo na stima, kinachobaki ni sanduku moja kwa mwezi, mawili mwezi wa neema. Na katika ishirini hizo, nane naziona zikienda zake kwa sababu ya triga.

Sasa nimeona triga za kubadilisha, zatengenezwa Marekani, dola 150 mpaka 200. Kwa shilingi 129 kwa dola ni kama elfu kumi na tisa mpaka elfu ishirini na sita, hapo bado usafiri, ushuru na vibali. Hiyo ni risasi nyingi wallahi.

Ninunue triga au ninunue risasi?

KijanaWaTudor

Kwani Mombasa unawinda nini we? Kiboko wa Haller Park?

MtuWaMakupa

Yule kalelewa na kobe, simgusi. Jibu swali ndugu yangu.

PofuWaHandeni

Mkuu mleta uzi, salaam kutoka upande wa Tanga. Sisi huku bado tunawinda kwa leseni, kwa hiyo nakujibu kama mtu anayekula anachopiga.

Nunua risasi. Mimi natumia .375, ile ya Holland & Holland iliyotoka London mwaka 1912, kwa sababu huku kwa nyati na tembo huruhusiwi kushuka chini ya hapo. Risasi yake moja ni bei ya kuku wa kienyeji. Sitanii. Kila nikifyatua namwona jogoo anaruka ukuta anakwenda zake. Kwa hiyo msimu ukifika napiga kuku watatu kuhakikisha darubini haijahama, nafunga, naenda porini. Triga yangu ni nzito na sijawahi kuilalamikia. Nyati akishakugeukia huna habari na uzito wa triga.

DarubiniNyali

Pofu, kwa heshima zote, wewe unampiga nyati mita 40 na nyati ni mkubwa kama probox. Huyu bwana anapiga karatasi mita 100 na anataka matundu yakae pamoja. Hizo ni kazi mbili tofauti.

Mimi nasema nunua triga, tena leo. Hesabu yenyewe umeileta mwenyewe: risasi nane katika ishirini ni kila masanduku matano umetupa mawili. Tuchukulie triga na gharama zake zote ni sawa na masanduku sita. Ukishapiga masanduku kumi na tano ishajilipa, na baada ya hapo kila sanduku ni faida. Kuna hasara nyingine pia watu hawaihesabu: triga mbovu inakufundisha tabia mbovu. Mwili unajua kuna kishindo kinakuja na haujui lini, unaanza kufumba macho na kuikaza bega kabla ya wakati. Kuiondoa tabia hiyo ni masanduku mengine mangapi?

Zamani mtu alinunua bunduki ya dukani akajua triga atairekebisha baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kiwanda cha Savage wakaleta ile AccuTrigger yao, yenye ulimi mwembamba katikati, mnunuzi anaipunguza uzito mwenyewe na bado ni salama. Viwanda vingine vikaona aibu, vikafuata. Leo bunduki ya bei ya chini ina triga ambayo miaka ya themanini ungeilipia fundi. Sasa wewe kwa nini uteseke na chuma cha ami yako?

MtuWaMakupa

Sanduku moja kwa mwezi mara kumi na tano ni mwaka na miezi mitatu, DarubiniNyali. Lakini hapo pa kufumba macho umenipata. Siku hizi nafumba.

FundiSaaMwembeTayari

Nimekaa kimya nasoma. Kazi yangu ni saa, miaka ishirini na kitu, na bunduki ni mapenzi ya Jumamosi kama nyinyi. Nataka kusema kabla hamjamtia huyu bwana gharama.

Ndani ya triga hamna kitu kikubwa. Kuna vyuma viwili vimeshikana kwenye ukingo mwembamba, mwembamba kuliko ukucha. Kimoja kinazuia pini ya kupigia isiruke mbele, na springi yake imekazwa tayari. Ukivuta triga unakitelezesha chuma kimoja kutoka chini ya chenzake mpaka ukingo uishe. Basi. Ni jamaa ya kile kidude ndani ya saa kinachofanya tik, tik, tik. Na mimi nakwambia, saa kumi zinazoletwa kwangu "zimeharibika", saba ni mafuta yaliyoganda na vumbi.

Watu wanasema "triga nzito" na kumbe wanalalamikia vitu vinne. Kuna ule mwendo wa mwanzo wa bure kabla hujakutana na chuma, huo hauna ubaya. Bunduki za zamani za kijeshi kama Mauser zimetengenezwa hivyo makusudi. Kuna uzito wenyewe. Kuna kukwaruza, yaani vyuma vinavyosuguana huku unavuta. Na kuna kupitiliza, triga ikishaachia kidole kinaanguka nyuma na bunduki inashtuka nacho. Bunduki ya kuwindia kutoka kiwandani kwa kawaida ni kilo moja na nusu mpaka kilo mbili kasoro robo hivi, na mtu anapiga vizuri kabisa na uzito huo kama haikwaruzi. Cha kuua ni kukwaruza.

Kwa nini uzito una maana? Bunduki yako ina kilo nne pamoja na darubini. Triga ikiwa kilo tatu, unaivuta kwa nguvu iliyokaribia uzito wa bunduki nzima, halafu wataka isitikisike. Fanya hesabu ya shule: mtutu sentimita 60, mdomo wake ukiyumba milimita moja tu, mita 100 mbele risasi imehama sentimita 16 na zaidi. Milimita moja! Nzi akitua mdomoni pa mtutu ni zaidi ya hapo.

Kwa hivyo kabla ya kununua chochote, pima. Hakikisha bunduki haina kitu: toa magazini, fungua bolti, tazama chemba (pale risasi inapokaa) kwa macho, ingiza kidole, kisha tazama tena. Risasi zenyewe ziwe chumba kingine. Isimamishe mdomo juu, ikoki, funga uzi kwenye triga uning'inize chupa ya plastiki, mimina maji pole pole mpaka ilie. Nusu lita ni nusu kilo. Ukiwa na mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki, bora zaidi. Pima mara tano, sio mara moja. Hizo tano zikitofautiana sana, tatizo sio uzito.

Swali langu la mwisho: ami yako, Mungu amrehemu, alikuwa akitia mafuta gani?

MtuWaMakupa

Mafuta ya cherehani. Na ile dawa ya kopo ya kupuliza bawaba za mlango. Kila Ramadhani ikikaribia alikuwa akizitoa zote na kuzipuliza, kila tundu. Mimi nimeendeleza sunna yake.

FundiSaaMwembeTayari

Hapo ndipo.

ModiPwani

Uzi mzuri, uendelee. Nakumbusha tu: humu hakuna kuuza, kununua wala kuulizia risasi au vipuri. Aliye na bunduki anajua cheti chake kinamruhusu risasi ngapi, na anajua duka lenye leseni liko wapi.

BabuWaKisauni

Wanangu, mjukuu wangu ndiye anayenishikia simu, mimi natamka naye anaandika, mkiona makosa ni yake.

Kabla ya marufuku nilifanya kazi na msafara wa wawindaji. Nilikuwa kijana wa miaka 19, kazi yangu kuchuna ngozi na kufuta bunduki. Bwana tuliyekuwa naye alikuwa na bunduki ya mitutu miwili, .470, triga mbili: ya mbele mtutu wa kulia, ya nyuma wa kushoto. Risasi yake nene kama kidole gumba, kichwa chake greni 500, ukikiweka mizanini ni gramu 32. Kila magharibi alikuwa akizihesabu, na mimi nikizifuta moja moja kwa kitambaa kikavu. Ikipungua moja twaulizana.

Sasa bwana huyo kila alfajiri kabla ya chai alikuwa akishika bunduki tupu, anaulenga mti, kla! Anaikoki, kla! Mara thelathini. Mimi nikidhani kachanganyikiwa. Nilipomzoea nikamuuliza, akaniambia risasi ni ghali na mti hauna bei.

Na jengine. Mafundi wa kweli wa kuachia niliowaona si wazungu, ni Waata wa huko mto Galana. Uta wao mzito, kijana mwenye nguvu za kawaida haufungui hata nusu. Wanaoupima kwa ratili wanasema zapita mia. Basi ukimtazama Mwaata avutavyo, mwili wote unafanya kazi mpaka mishipa ya shingo. Akiachia, vidole vinafunguka tu, hamna kishindo, hamna mtikisiko, mshale ushaenda. Ratili mia zile hazimsumbui kwa kuwa vidole vyake havikwami popote.

Mei 1977 tulikuwa kambini upande wa Voi, habari tukaipata kwa redio. Tukavunja mahema. Bwana yule alinipa kitambaa changu cha kufutia, ndicho nilichorudi nacho Kisauni.

MtuWaMakupa

Shikamoo babu. Hiyo umeniandikia mimi.

BabuWaKisauni

Marahaba mwanangu. Ukiwa wapiga .303 za zamani, maji ya moto mtutuni siku hiyo hiyo, usilale nayo. Viwashio vya zile, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, vilikuwa vyaacha chumvi, na hapa kwetu chumvi ya bahari ishatosha.

PofuWaHandeni

Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili.

Mleta uzi, swali. Bunduki nyingi za Kicheki zina ile triga ya kusukuma mbele. Yako haina? Ukiisukuma mbele kidogo inalia tik, halafu ukiigusa tu kwa nyuma inaondoka. Kama ipo, tatizo lako la karatasi limekwisha bila senti.

MtuWaMakupa

Ninayo, na naiogopa. Mara ya kwanza niliisukuma, nikaanza kuweka kidole, karatasi haijafika hata kwenye msalaba, ikaondoka. Risasi ikaenda kwenye ukuta wa mchanga salama, lakini msimamizi wa uwanja alinitazama jicho ambalo sijalisahau. Tangu siku hiyo sijaigusa.

FundiSaaMwembeTayari

Umefanya sawa kuiogopa, lakini usiitupe. Ile ni ya mtu aliyelala chini au amekaa mezani, bunduki juu ya mifuko ya mchanga, tayari kulenga, ndipo isukumwe. Haisukumwi ukiwa umesimama, haisukumwi ukitembea. Na ukibadilisha nia usipige, usijaribu kuirudisha kwa kidole: mdomo wa mtutu uelekee salama, fungua bolti, toa risasi, ndipo uishughulikie. Ndiyo maana Pofu huko porini anakaa na triga yake nzito, na yuko sawa.

Kupunguza uzito wa triga ovyo ni jambo la hatari, mimi sifanyi kwa mtu wala sitawaelezeni hapa. Hata viwanda vikubwa vinateleza: mwaka 2014 Remington waliziita tena kiwandani bunduki zao za Model 700 zenye triga ya X-Mark Pro, kwa sababu gundi iliyozidi ndani ya mtambo ingeweza kuifanya bunduki ijifyatue. Gundi tu! Kama gundi kidogo inafanya hivyo, fikiria mtu na tupa yake uani Majengo. Anayegusa vile vyuma awe fundi wa bunduki mwenye leseni. Na akikurudishia, bunduki tupu, funga bolti kwa nguvu mara kumi, gonga kitako kwenye zulia. Ikilia hata mara moja, irudi kwake.

KijanaWaTudor

Mimi nilikuja kucheka sasa naandika noti.

BintiMvita

Naona kaka zangu wote mmeshika upande: triga, risasi. Mimi napiga .22 ya bolti na nataka kuwaambia mnapigania pesa vibaya.

MtuWaMakupa umesema kwa pesa ya ishirini zako mtu anapata 250 za .22. Halafu ukapita. Rudi hapo! Kidole hakijui kiko kwenye bunduki gani. Mimi nilianza kwa kuazima .22 ya klabu, napiga 50 kila Jumamosi, na mwisho kabisa, nikiwa nimetulia, wananipa bunduki kubwa, .308, napiga tano. Tano tu. Kwa miezi minne nilipiga .308 chini ya mia na zikakaa pamoja kuliko wanaume waliokuwa wakimaliza sanduku zima kila wiki huku bega limevimba. Baada ya risasi ya kumi na mbili, kumi na tatu ya bunduki yenye teke, hujifunzi kitu tena, unajifunza kuogopa. Hizo nane zako zinazopotea, hebu tazama karatasi: ni za mwanzo au za mwisho?

Na lile la babu, mazoezi bila risasi, ndilo zoezi langu la kila usiku. Dakika kumi. Bunduki za risasi kubwa hazidhuriki ukipiga tupu mara moja moja, lakini .22 pini yake inagonga ukingo wa chemba na kuuharibu, kwa hiyo tia kitu. Wengi wetu tunatumia zile plagi za plastiki za njano za kutobolea ukuta, za duka la vifaa vya ujenzi, zinakaa ndani kama zimepimwa. Ikishalika unaigeuza kidogo, ikichoka unatupa. Kisha weka sarafu ya shilingi kumi juu ya darubini. Vuta. Sarafu ikianguka, hiyo ingekuwa risasi imepotea, na haikukugharimu kitu. Siku ukifikisha ishirini mfululizo haijaanguka, ndio uje utwambie triga mbovu.

Jingine dogo: ukinunua, nunua aina moja, uzito mmoja wa kichwa, na ukiweza nambari moja ya toleo, iko ubavuni mwa sanduku. Mwenzetu mmoja alibadilisha kutoka greni 180 kwenda 150 kwa sababu zilikuwa na punguzo, akatumia nusu ya sanduku kutafuta zinapiga wapi. Punguzo likaisha hapo hapo.

DarubiniNyali

Dada umenena, ila plagi ya ukutani haitibu chuma kinachokwaruza.

BintiMvita

Sikusema inatibu. Nimesema atajua ni chuma au ni yeye.

DarubiniNyali

Hapo sawa. Na bwana, angekuwa na .308 angepata nafuu kidogo, ni familia moja na 7.62 za majeshi ya NATO, viwanda vinavyoitengeneza ni vingi. .30-06 ni jeshi la Marekani la 1906, ndiyo hiyo 06 yenyewe, na majeshi yaliiacha zamani. Lakini urithi ni urithi.

NguvuMpya_Changamwe

Kwa nini msijaze maganda upya? Nimeona video, jamaa ana mashine mezani, anaweka kiwashio, baruti, kichwa, anapata risasi kwa nusu ya bei.

PofuWaHandeni

Umeona video ya Marekani mkuu. Huku kwetu pande zote mbili za mpaka wa Horohoro kutengeneza risasi ni kazi ya mwenye leseni ya kutengeneza. Ukikutwa na baruti sebuleni, utakayekuwa unamweleza hana hamu ya kusikia habari za nusu ya bei.

MtuWaMakupa

Nimerudi, wiki tatu baadaye. Samahani kwa kimya, kulikuwa na arusi.

Kwanza nilimwendea shangazi yangu anayeuza samaki Likoni, nikaazima mizani yake ya kuning'iniza. Hakuuliza, alikuwa na wateja. Nikapima kama fundi alivyosema, bunduki tupu, mlango nimefunga watoto wasiingie. Mara tano: kilo 2.7, 2.2, 3.1, 2.4, 2.9. Nikasema basi, triga gani hii yenye maoni tofauti kila ukiiuliza.

Jumatatu nikampelekea fundi wa bunduki mwenye leseni zake. Aliitoa kwenye kitako mbele yangu. Wakuu, nilichokiona mtu asionyeshwe. Pale pembeni mwa triga palikuwa na kitu cha rangi ya asali, kimeganda kama kashata, ndani yake nywele za kitambaa, mchanga, na kamguu ka mdudu. Miaka ya ami yangu yote imelala pale, Ramadhani juu ya Ramadhani. Fundi akaiosha kwa petroli ya viberiti, akaipuliza kwa upepo, akaiosha tena, maji yake ya pili yakatoka kama chai ya rangi. Hakusaga kitu, hakukaza wala kulegeza skrubu yoyote. Akaiacha karibu kavu, tone moja jembamba, akafuta. Alinitoza pesa ambayo hata sanduku la .30-06 hununui.

Nikaipima tena nyumbani: 1.8, 1.8, 1.9, 1.8, 1.8. Nikafanya majaribio ya bolti na zulia, haikulia.

Halafu sarafu. Dada BintiMvita, nilidhani nitakuaibisha. Usiku wa kwanza sarafu ilianguka mara kumi na nne katika ishirini. Na triga imeshaoshwa! Mke wangu alikaa kwenye kochi anazihesabu, akaomba na yeye ajaribu, yake ikaanguka mara tatu. Siongezi neno hapo. Usiku wa kumi na mmoja ndio nilifika kumi na nane.

Na swali lako la karatasi: nilizitoa karatasi za zamani kabatini, siku hizo nilikuwa naandika nambari kila tundu. Zilizopotea nyingi ni kuanzia ya kumi na tatu kwenda mbele. Nilikuwa nalipia maumivu ya bega.

Jumamosi iliyopita nilipiga .22 ya klabu hamsini, kisha .30-06 yangu tano. Tano hizo mita 100 nilizifunika kwa kiganja, na nne kati yao kwa kifuniko cha gudulia la asali. Ya tano niliivuta mwenyewe, niliijua kabla haijafika. Kumi na tano zilizobaki nimerudi nazo nyumbani, nimezitia na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye masanduku ya viatu, nikipiga tano kwa mwezi zitanifikisha miezi mitatu.

DarubiniNyali, triga ya Marekani nimeiacha kwanza. Ikiwa mwakani sarafu haianguki na karatasi bado inanikataa, nitaagiza na nitakuja hapa kukupa haki yako.

Ile ya kusukuma mbele bado naiogopa.

DarubiniNyali

Mwakani nakungoja. Mizani ulirudisha?

MtuWaMakupa

Nilirudisha jana. Shangazi akaigeuza geuza akasema hii mbona haina harufu, umepimia samaki gani? Nikamwambia changu. Akaniuliza, changu yupi huyo kilo mbili kasoro kila mara?